Wakishamaliza Kuhesabu

Mama alikuwa anakaanga chapati mbele ya mlango wetu, hapa Kabalagala, redio ikasema serikali inaandaa ripoti: wagonjwa wa kigeni wanazigharimu kiasi gani hospitali za umma. Kila mgonjwa ataulizwa anakotoka. Mama akautazama mguu wake. Ana sukari, na chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda alichokifunga kitambaa. Alitoka Kenya kabla sijazaliwa.

"Nitaenda wakishamaliza kuhesabu," alisema.

Jirani yetu, bibi Mnubi anayefuma vikapu, akamcheka. "We Mkenya, unakimbia redio? Basi nenda kama Muganda. Ukimwona musawo, daktari au muuguzi, piga magoti, msalimu kwa Luganda, kisha funga mdomo."

Mama akangoja. Kidonda kikaanza kunuka, akawa anajipaka manukato kabla ya wateja kufika. Siku niliyolia mbele yake ndipo alipokubali. Alifanya mazoezi kando ya kitanda, mimi nikiwa musawo. Niliona haya hata kwa mchezo huo.

Hospitalini, muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana tu, labda wa umri wa dada yangu mkubwa. Mama akashuka kwa magoti yote mawili, pale kwenye saruji.

"Maama, simama! Mimi mtoto wako, mimi ndiye nikupigie magoti!"

Tulikuwa tumejifunza goti, tukasahau umri. Kwa Waganda mdogo ndiye humpigia mkubwa. Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema, "Huyo wa Kenya huyo. Wale kila kitu haraka, hata magoti!"

Mama alishindwa kuinuka. Muuguzi akanisaidia kumwinua, naye bado anacheka, bila ubaya, mpaka harufu ilipomfikia. Akaacha kucheka. Akaandika "Kenya" bila kuuliza.

"Ni ya kuhesabu tu, mama. Dawa ni zile zile."

Daktari alifungua kitambaa, akainua macho. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Ningemwambia nini, kwamba tuliogopa redio? Mama akajibu kwa Luganda, bado anajaribu, kwamba tulikuwa nyumbani, akimwita ssebo, bwana.

Waliukata mguu. Goti wamemwachia.

Jana jioni nilikuwa nakaanga chapati za kuuza, bibi Mnubi akaja na chakula. Siku hizi hamtanii mama. Habari ile ile ikaanza redioni, akainuka upesi aizime.

"Acha," mama akasema. "Nami nimo humo."

Tukasikiliza wote watatu. Msomaji akasema ripoti bado haijakamilika, wagonjwa wanaendelea kuhesabiwa.

Mama akapatazama pale mguu ulipokuwa.

"Kumbe ningekuwa bado nangoja," alisema. Kisha akaniambia nigeuze chapati, inaungua.