Kompyuta ya Mhasibu

Siku ile ofisini, katika hoteli moja ya Mbweni, tulikuwa watatu: meneja, mhasibu, na mimi mtunza stoo. Meneja alikuwa amebadilisha neno la siri la intaneti isiyo na waya, na kompyuta ya mhasibu ikagoma kuingia. Mhasibu aliipandisha mpaka darini kutafuta mawimbi, akashuka anatiririka jasho.

"Kaiharibu huyu," alisema, akininyooshea kidole. "Nimemwona asubuhi anachezea ya mapokezi. Mtu kaishia darasa la sita, kompyuta kaijulia wapi?"

Meneja akanitaka nikabidhi funguo za stoo. Wadogo zangu watatu, mayatima wenzangu, walikula kwa funguo zile.

"Nipeni dakika moja," nilisema.

Ile ya mapokezi nilikuwa nimeitengeneza, si kuichezea. Nayo hii ilikuwa inapeleka neno la zamani lililohifadhiwa ndani yake. Nikalifuta, nikaandika jipya, ikaingia.

"Haya, nipishe, nna kazi mie," alisema mhasibu. Hakuniomba radhi. Funguo meneja akaniachia.

Mwezi ule ule nikamwandikisha mdogo wangu wa kike masomo ya uhasibu. Nataka akikalie kiti cha yule bwana, nami niwepo nikitazama. Hajamaliza masomo, na mimi bado sijamlipa mhasibu kisasi changu.