Pepo Tuliyemrekodi Elburgon

Mwaka 2008 ulipoanza sikuwa na harusi hata moja ya kupiga. Kazi yangu ilikuwa video za sherehe, na baada ya vurugu za uchaguzi watu wa Nakuru hawakuwa na hamu ya keki. Walioniita waliniita mazishini. Kwa hiyo mwenye duka la video aliponiambia anataka tutengeneze filamu ya pepo, nilikubali kabla hajamaliza.

Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Nakuru kama baba yake, na sote tulimwita Boss. Filamu za mapepo zilikodishwa sana dukani kwake, lakini zote zilikuwa za nyumba za mbali na watu wa mbali. Yake ingeonekana kama jambo lililotokea: msichana anaugua, jamaa zake wanaita mpiga video ili kuwe na ushahidi. Hakukuwa na muziki wala taa. Nilipotaka kuzima tarehe iliyojiandika kwenye kona ya picha, alinizuia.

"Wacha hiyo tarehe. Ukitoa inakuwa sinema. Watu wa hapa wakiona tarehe wanajua ni harusi ama matanga, kitu imefanyika kweli."

Pepo alikuwa fundi wa nguo wa mtaa wa Kaptembwo hapo Nakuru, msichana wa ishirini na kitu, mwimbaji wa kwaya. Hakuwahi kuigiza popote. Utotoni alikuwa akikaa mstari wa mbele siku za kuombea wagonjwa na wenye mapepo kanisani, na alikuwa ameangalia vizuri. "Shingo hutangulia," alituambia. "Anayeanza na kelele anajifanya."

Tulipiga Elburgon. Mchumba wake alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na ndiye aliyetutafutia nyumba tupu ya wafanyakazi. Tulifunika madirisha kwa magunia ili mchana ufanane na usiku. Mchumba alishika tochi, na kila tulipokata alicheka na kumrudishia msichana sweta yake. Matapishi yalikuwa uji wa wimbi. Uliobaki tuliunywa.

Filamu ilipofika kwenye vibanda vya video vya Kaptembwo, wateja wake wa nguo wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Makanga wa matatu walimwita, "Sasa, Pepo!" Hayo aliyacheka. Kisha jirani mmoja akapeleka diski Elburgon kwa mama wa mchumba, kiongozi wa akina mama kanisani. Mama akatuma neno: hakuna harusi mpaka aelezwe alichokiona. Harusi ilikuwa imepangwa Agosti, na gauni msichana alikuwa akijishonea mwenyewe.

Tulienda Jumapili mchana: yeye, shangazi aliyemlea, na mimi kama shahidi. Boss alikataa. "Niende kuambia mama wa kanisa ati pepo ni yangu? Wewe ndio ulishika kamera."

Mama alikuja akichechemea kwa miguu inayoumwa na baridi, akatumiminia chai sisi na mwanawe, akanigeukia.

"Kijana, huyu mtoto alikuwa anateseka na wewe unapiga picha?"

"Ilikuwa kazi, mama. Hata hayo matapishi ni uji."

"Uji?"

"Wa wimbi."

"Mathe, si nilikuwa hapo," mchumba akasema. "Mimi ndio nilishika tochi."

"Nyamaza wewe. Hata mtu wa tochi hudanganywa."

Msichana akaweka kikombe chini. "Mama, nikikuonyesha saa hii, na niache nikitaka, utaamini?"

"Usilete hayo mambo kwa nyumba ya watu!" shangazi akamkemea.

Mama alifikiri. Akavuta Biblia iliyokuwa mezani, akaipakata. "Onyesha."

Shingo ilitangulia. Kisha ikaja ile sauti, chini kabisa, kama gogo linaloburutwa. Shangazi akataja jina la Yesu. Mimi niliyekuwa nimeisikia mara nyingi nikaangalia chupa ya chai. Mama hakutikisika, alimkodolea macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Mchumba, aliyekaa karibu zaidi na msichana, akasogeza kiti. Si mbali, shubiri moja hivi, lakini sakafu ilikuwa ya saruji na sote tulisikia.

Msichana akaacha. Akachukua kikombe chake. "Ni hivyo tu, mama."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Wewe mtoto! Na wale wamama nimewafungisha, wamekaa bila chakula, kumbe ni uji wa wimbi! Agosti iko palepale. Nitawaambia mwenyewe."

Hilo ndilo tulilokuwa tumefuata. Msichana alimshukuru, kisha akamtazama mchumba wake.

"Mbona umesogea?"

"Nani? Nilikuwa nakupea nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Aa, si unajua hiyo sauti. Mtu yeyote angesogea."

"Mama yako hakusogea."

Mchumba akacheka, akatutazama mmoja mmoja ili tucheke naye. Shangazi alijaribu.

Tuliondoka na mfuko wa plamu kutoka shambani kwa mama. Njiani kuelekea stendi shangazi alikuwa tayari anapanga mahema ya harusi, msichana akamkatiza: hataolewa.

"Kwa sababu ya kiti?"

"Mama hanijui, na alikaa. Yeye ananijua."

"Wanaume huogopa hata panya, mwanangu. Ungemsamehe."

"Nimemsamehe," alisema.

Mama wa Elburgon alikuwa amebaki na namba yangu. Alinipigia mara kwa mara mpaka nilipohama kwenda Naivasha kutafuta kazi. Hakumtaja mwanawe. "Kijana, msalimie binti yangu. Mwambie nyumba yangu iko wazi." Nilizipeleka salamu hizo Kaptembwo. Msichana alinisikiliza pini zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja, akauliza, "Na yeye mama, miguu haimsumbui na hii baridi?"