Ng'ombe Sita wa Zizi la Mawe

Victorine wa Bellevue hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Alianza na mabegi mawili ya vitenge, akiuza kando ya njia katika mtaa jirani wa Yeoville, kwenye jiji hilohilo la dhahabu la kusini. Leo ana duka lenye mlango wa chuma na mafundi watatu wanaoshona nyuma. Siri yake ni moja: mpe mteja kitambaa akishike. Akishakishika, nusu ya maneno yamekwisha.

Lakini mwezi wa saba mwaka huu alikutana na mteja asiyeshikika. Naye ni mavyaa yake, Bibi Nabintu, mama wa marehemu mumewe, aliyekuja kutoka kijijini kwao Walungu kwa wiki tatu kutoa baraka za ndoa ya mjukuu wake Héritière, binti wa Victorine. Mchumba ni Levi, kijana wa Kikenya, mwana wa Mzee Ogutu wa benki anayekaa mtaa wa Observatory. Mahari ilishakubaliwa: ng'ombe sita. Ogutu alikuwa tayari kutuma fedha kwa simu ili wanunuliwe hukohuko Walungu. Bibi akakataa kubariki kabla hajawaona.

"Simu haina kwato," alisema. "Mama yangu alihesabu ngombe zangu zikiingia zizini. Miye nikahesabu za binti zangu. Kwa huyu nihesabu nini? Ujumbe?"

Ng'ombe, Bellevue! Mwenye nyumba alikuwa amekataza hata kuku. Mara mbili familia zilikutana, mara mbili soda ziliisha na maneno yakabaki palepale. Ogutu alianza kutazama saa. Bibi angepanda ndege Alhamisi, na Héritière aliapa kwamba bila baraka zake hatavaa shela.

Gaston, dereva wa kombi anayembebea Victorine mizigo, ndiye aliyemdokezea. Juu ya vilima vya kusini mwa jiji, alisema, kuna mazizi ya mawe ya duara, ya watu wa kale waliofuga huko kabla dhahabu haijachimbwa.

"Una hakika ni mazizi?"

"Mama Héritière, mimi nimekulia Minembwe, kwa wafugaji. Zizi nalijua hata likibomoka."

Victorine akauona mwanya. Kama Bibi hataki kushika ahadi, basi atashikishwa ukuta. Jumamosi asubuhi akawapakia wote kwenye kombi: Bibi, Héritière, Levi na dada zake wawili, Ogutu na mkewe Lois. Alichokipanga hakumwambia mtu.

Walishuka pale barabara ilipoishia, wakapanda kwa miguu. Kipupwe kilikuwa kimezikausha nyasi zikawa rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulizilaza na kuziinua kilima kizima. Miti ilisimama mmoja mmoja, mbali mbali. Huko nyuma, mnara wa Hillbrow ulionekana mdogo kama msumari. Kisha mawe yakajitokeza: duara moja kubwa, kuta za kufika kifuani, bila hata tone la saruji, na duara ndogo zimeubana ubavu wake kama vifaranga.

"Eish, Mama," Héritière akasema kwa Kizulu, "umetuleta kutazama mawe?"

"Nyamaza, utazame."

Bibi alisogea karibu. Aliweka kiganja ukutani, akazunguka duara lote bila kukiondoa. Kwenye duara ndogo akachungulia: "Hapa walilaza ndama." Mlangoni akapapasa jiwe refu lililolainika upande mmoja, akacheka peke yake. "Hapa zilijikuna, shenzi hizi!"

Ameshika, Victorine akawaza. Sasa.

"Mama, zizi umeliona. Ng'ombe watanunuliwa kwetu, wewe mwenyewe utawachagua. Leo toa baraka hapa, kwenye zizi la kweli."

Bibi akaegemea fimbo yake. "Zizi iko muzuri kabisa. Ngombe ziko wapi?"

Victorine, ambaye hata askari wa jiji hajawahi kumnyamazisha, akageuka kutazama nyasi, kana kwamba ng'ombe wangetokea huko. Levi akatazama viatu vyake.

Ndipo Mzee Ogutu akavua koti. Akamkabidhi Lois, akaweka vidole viwili kichwani, akainama, akapita mlangoni.

"Mmbuuu!"

Hakuna aliyecheka kwanza, hawakuamini. Bibi akamfuata, akamgonga kiunoni kwa fimbo. "Hii imezeeka. Muliitoa wapi?"

"Hata mimi najiuliza mwaka wa thelathini huu," Lois akasema, na kilima kikalipuka.

Victorine akazinduka: soko limefunguliwa! "Mama, hilo dume la mbegu, halijui kupiga teke! Tazama hii inayokuja!"

Lois akaingia, koti la mumewe begani na mkoba mkononi.

"Ngombe inabeba mukoba?"

"Ng'ombe wa mjini, Mama. Hiyo ni kengele yake."

Levi akaingia, akafunguliwa mdomo, akakaguliwa meno. "Inakula sana?"

"Sana, Bibi!" Héritière akajibu kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kizulu. Dada zake Levi wakaingia wakisukumana kwa mabega.

Bibi akainua vidole. "Tano. Tulisema sita."

"Mama, watano wenye afya hivi..."

"Sita."

Victorine mwenyewe hakuweza kuingia; nani amewahi kuona upande wa binti ukijilipia mahari? Akamgeukia Gaston, aliyekuwa juu ya jabali akimenya chungwa.

"Gaston, ingia."

"Mimi ni dereva. Ung'ombe hatukuuzungumza."

"Sahani mbili siku ya harusi."

"Tatu. Na nisikae karibu na spika."

"Mbili, na kiti cha mbele."

"Na ziwe za mbuzi."

"Ingia, bwana!"

Gaston akatupa ganda, akashuka. Lakini hakuingia. Alifika mlangoni akagoma, akakanyaga kwa nguvu, akageuka, akakimbilia nyasini akilia kwa sauti nzito ya ng'ombe halisi. Bibi akaruka! Akamfukuza na fimbo, akipiga mluzi wa wachungaji, khanga ikimdondoka, mpaka akamswaga ndani. Akarudi akihema, akahesabu upya, kisha akailaza fimbo yake kukingama mlango.

"Zimetimia," alisema. Akamvuta Héritière, akamfunika mabega kwa khanga yake. "Nimeziona kwa macho yangu. Olewa, mwanangu."

Victorine akapiga vigelegele hadi koo likakauka.

Kutoka ndani ya zizi, Mzee Ogutu akauliza kwa adabu kama wanaweza kutoka sasa.

Bibi hakugeuka. "Ngombe haziulizi," alisema.