Mkunga Kwenye Kaburi la Malkia

Mume wangu hajawahi kuniletea maua. Katika miaka ishirini ya ndoa ameniletea kuku wa kuchoma, blanketi la umeme, na mara moja mashine ya kukatia nyasi aliyosema ni zawadi yangu ila yeye ndiye atakayeitumia. Kwa hiyo jioni moja, tukiwa mezani nyumbani kwetu Toongabbie, Sydney, aliponiambia kwamba ametukatia tiketi za kwenda India kuona Taj Mahal, nilimwekea kwanza kiganja kwenye paji la uso.

"Sina homa," alisema. "Ni kaburi la mapenzi. Kila mtu anakwenda."

Kila mtu maana yake wenzake wa ghalani Seven Hills, anakoendesha foklifti ya kuinulia mizigo. Wengi wao ni Wahindi, na mmoja alimwonyesha kwenye simu picha yake na mkewe wameketi kwenye benchi, nyuma yao jengo jeupe linalong'aa. Mume wangu aliondoka kazini siku ile ameshaamua kwamba ndoa yetu ina kila kitu isipokuwa benchi.

Mimi ni mkunga. Niko wodi ya kujifungulia katika hospitali moja magharibi mwa Sydney, na likizo zetu hupangwa na rosta ya zamu, si na mapenzi. Rosta ilinipa wiki moja ya Januari. Januari kwetu hapa ni joto la kuunguza mkono kwenye kitasa cha gari, na hatukukaa kujiuliza Januari ya huko ikoje. Watoto watatu tuliwapeleka kwa wifi yangu Merrylands. Alituombea safari njema, akasema kwamba kaka yake amechelewa miaka kumi na tisa lakini si haba.

Ziara yenyewe ilikuwa ya siku moja: kutoka Delhi kabla ya alfajiri, kufika Agra, kuona majengo matatu ya wafalme wa Kimughal, kurudi jioni. Tangazo liliahidi kwamba tutaona jua likichomoza juu ya marumaru. Dereva alitufuata hotelini saa tisa usiku, akatufungulia mlango wa gari, na tulipoingia barabara kuu ndipo tukaelewa kwa nini amevaa kofia, skafu na uso wa msibani. Kulikuwa na ukungu. Si ule mwepesi unaokaa kidogo juu ya nyasi asubuhi ukaondoka. Huu ulikuwa umehamia pale na vyombo vyake vyote. Malori yalitokea mbele yetu ghafla, taa za nyuma kwanza, na dereva akawa anaendesha huku ametoa kichwa dirishani.

"Jua likichomoza utaondoka," mume wangu alisema.

Jua lilichomoza. Tulijua kwa kuangalia saa.

Kiongozi wa ziara alikuwa anatusubiri Agra, mtu wa makamo mwenye sweta la kijani na sauti ya mtangazaji wa redio. Tuliongea naye Kiingereza, kila mtu na cha kwao. Aliposikia tumetoka Sydney uso ukamchanua, akamwuliza mume wangu ana maoni gani kuhusu timu ya kriketi ya Australia. Mume wangu, ambaye siku zote amesema kriketi ni namna ya kupumzika huku umesimama, alifikiri kidogo akajibu, "Wanajitahidi, ila vijana wapewe nafasi." Kiongozi akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Kuanzia hapo alizungumza na mume wangu tu, mimi akaniita madamu.

Tulipofika kwenye lango kuu alitusimamisha. Alikuwa na utaratibu wake, ilionekana wazi kwamba hufanya hivyo kila siku. Tufumbe macho, tushikane mikono, tutembee hatua ishirini, tufumbue atakaposema. Tukafumba. Nilikanyaga mguu wa mtu, nikaomba radhi gizani.

"Fumbueni!" alisema.

Tukafumbua. Hakukuwa na kitu. Mbele yetu palikuwa peupe kuanzia ardhini hadi mbinguni, kama shuka iliyoanikwa. Pembeni mamia ya watu walikuwa wameinua simu zao wakiupiga picha ukungu, na kila mmoja aliangalia picha yake kama vile simu ingeweza kuona alichokosa yeye.

Kiongozi hakutetereka. "Mbele yenu," alisema, akinyoosha mkono, "ni jengo zuri kuliko yote duniani. Angalieni minara minne. Imeinama kidogo kwenda nje, ili siku ikianguka isiliangukie kaburi." Tukaangalia alikoonyesha. Mume wangu akasema, "Kweli kabisa."

Kisha akauliza benchi liko wapi.

Tulilipata, lilikuwa na maji ya umande, akalifuta kwa mkono wa koti lake. Tukaketi. Kiongozi akatupiga picha tatu. Ninazo mpaka leo: watu wawili wamejikunyata kwenye benchi, nyuma yao hakuna dunia. Ingekuwa stesheni ya Toongabbie asubuhi ya Julai, wakati wa baridi yetu, usingejua tofauti. Niliona mume wangu ameingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, anapapasa kitu, na midomo yake inacheza kidogo kama mtoto anayekwenda kusoma risala. Nadhani angeanza kusema. Lakini kiongozi naye alikuwa na zamu yake ya kusema, akaanza.

Alisema mfalme alimpenda malkia huyu kuliko wake zake wote. Waliishi pamoja miaka kumi na tisa bila kutengana. Akamzalia watoto kumi na wanne.

Sikukusudia kuhesabu. Ni kazi tu. "Kumi na wanne katika miaka kumi na tisa?" nikauliza.

"Kumi na wanne, madamu. Huo ndio ushahidi wa mapenzi."

"Alikufa kutokana na nini?"

"Alikufa mikononi mwa mfalme."

"Hicho si chanzo cha kifo," nikasema.

Mume wangu alikohoa. Kiongozi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema malkia alifariki akimzaa huyo wa kumi na nne, uchungu ulimshika zaidi ya siku nzima, na haikuwa hapa Agra, ilikuwa mbali, kusini, kwa sababu mfalme alikwenda vitani na malkia akafuatana naye.

"Mimba ya kumi na nne, akampeleka vitani?"

"Hawakuweza kutengana, madamu."

Niliona kitu ambacho ukungu haukuweza kukificha. Mfuko wa uzazi uliokwisha kubeba watoto kumi na watatu unachoka. Baada ya kujifungua haukazi tena, na usipokaza, damu haisimami. Mama wa namna hiyo akiingia kwetu wodini tunamwekea mirija miwili ya dripu kabla hajavua viatu, damu inaagizwa, daktari anaambiwa asiende mbali. Yule malkia alikuwa na hema, farasi, mashairi, na mwanamke fulani wa kumzalisha, mwenye mikono mitupu, ambaye jina lake hakuna aliyeliandika. Yule mwanamke nilimjua vizuri zaidi kuliko nilivyowajua mfalme na mkewe. Nilijua hata mgongo wake ulivyokuwa unauma.

"Na mtoto?" nikauliza. "Aliishi?"

Sauti ya redio ikampotea kiongozi. "Miaka yote nafanya kazi hii," alisema taratibu, "wananiuliza jengo lilichukua muda gani, marumaru ilitoka wapi, kama ni kweli mafundi walikatwa mikono. Hilo hawajaniuliza. Ndiyo. Aliishi. Msichana. Alifika uzeeni."

Nilifurahi sana, nikasema, "Basi hiyo si haba," kama vile nimetoka kukabidhiwa zamu.

Mume wangu alitoa mkono mfukoni, mtupu. "Mama watoto," alisema kwa Kiswahili, polepole, "si lazima uwe zamu kila mahali."

Akainuka akaenda kusimama peke yake kwenye ukungu, hatua nne tu, na nikawa simwoni.

Tulivalishwa vifuniko vya viatu, tukapanga foleni, tukaingia ndani. Kaburi la malkia liko katikati kabisa, na la mfalme limebanwa pembeni yake, kwa sababu aliongezwa baadaye. Kiongozi alisema katika jengo zima kila kitu kina pacha wake upande wa pili, na kitu kimoja tu kinaharibu mpango, ni mume. Nilikuwa na la kusema hapo, lakini nililimeza.

Tulipelekwa kwenye duka la marumaru, ambako mzee mmoja alituambia babu wa babu zake ndio waliojenga Taj Mahal, na kijana wa duka la pili naye alituambia hivyo hivyo. Tulikula chakula cha mchana tukiangalia sahani. Mume wangu ni mtu asiyejua kununa. Akinuna anakosea, anasahau katikati anakuomba chumvi halafu anakumbuka. Siku ile hakusahau.

Alasiri ndipo tukaenda kwenye ngome. Ni ngome kubwa ya mawe mekundu, na ndani yake kuna vyumba vyeupe vinavyotazama mto. Kiongozi alituambia kwamba mfalme, alipozeeka na kuugua, mmoja wa wanawe alimpindua akamfungia humo. Akaishi kifungoni miaka minane akilitazama kaburi la mkewe kwa mbali. Binti yake mkubwa alikaa naye mpaka mwisho, akamuuguza.

"Watoto kumi na wanne," nilisema kimoyomoyo, na safari hii nilihakikisha ni kimoyomoyo.

Kiongozi akaomba ruhusa akavute sigara. Tukabaki wawili kwenye ukingo wa dirisha la jiwe. Na pale pale, bila mtu kutuambia tufumbe macho, ukungu ukaanza kupungua juu ya mto. Kwanza tuliona ng'ombe ukingoni, halafu mnara mmoja, halafu kuba. Ilikuwa mbali, ndogo kama kibonge cha sukari. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mimi niliyekuwa nimeapa tangu asubuhi kutosema.

Mume wangu hakuinua simu. Alisema, "Unaikumbuka siku ya mtoto wa tatu?"

Ninaikumbuka. Nilijifungulia wodini kwetu, mbele ya wenzangu, na baada ya mtoto kutoka damu haikusimama. Mgonjwa mwingine angefichwa hali yake. Mimi nilizisoma nyuso zao moja moja, maana nazijua. Nilimwona mume wangu amesimama ukutani, amemshika mtoto kama mtu aliyeombwa ashike kidogo mzigo wa mwenzake. Hali ikatengemaa. Siku ya nne tukarudi nyumbani, na hatujawahi kuizungumza.

"Watu wanadhani saa ile mtu anawaza mapenzi," alisema. "Mimi niliwaza nywele."

"Nywele gani?"

"Za yule wetu wa kwanza. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Watu wanakimbia na damu, kengele inalia, na mimi nawaza nani atamsuka. Hata twende kilioni, mtindo rahisi kuliko yote, siujui. Nilisimama pale nikasema, Mungu wangu, nitampeleka mtoto shule kichwa kama kiota."

Nilimtazama. Macho yalikuwa kwenye mto.

"Ungejifunza," nikasema.

"Ningejifunza. Lakini ule muhula wa kwanza ungekuwa wa aibu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na sina hakika ilikuwa kucheka tu. Nilipotulia nikamwuliza ana nini mfukoni tangu asubuhi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hotuba ya miaka ishirini ya ndoa, ya Kiingereza, aliyoinakili kutoka mtandaoni kwa mwandiko wake wa ghalani. Akasoma mstari wa kwanza, ambamo nilikuwa malkia wa ufalme wa moyo wake. Akanitazama. Nikamtazama. Tukakubaliana aikunje.

Jengo la tatu lilikuwa kaburi dogo ambalo malkia mwingine aliwajengea wazazi wake. Kiongozi, ambaye sasa alinigeukia mimi kila aliposema, alinihakikishia kabla hata sijauliza kwamba humo hakuna aliyekufa kwa uzazi. Nililipenda kuliko yote.

Jumapili iliyofuata, chai ya baada ya ibada, watu wa kanisani kwetu walimzunguka mume wangu atoe habari. Akatoa. Alisema alfajiri marumaru ilikuwa ya waridi, jua lilipopanda ikawa kama maziwa, na minara ile, jamani, imeinama kidogo kwenda nje. Alisimulia vizuri sana. Binti yetu mkubwa, aliyeziona picha zote, alinong'ona sikioni mwangu, "Mum, was he even there?" Nikamwambia alikuwepo kabisa, anyamaze, baba yake anaongea.

Mama mmoja wa Kongo, anayewatunza wazee katika nyumba moja huko Seven Hills, alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Ule mfalme, bibi alikuwa moja tu?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Wake walikuwa kadhaa."

"Na bale bengine, balijengewa nini?"

Mume wangu akanigeukia mimi. Nilisema nadhani baadhi yao wamezikwa palepale, nje ya ukuta, na kwamba tulipita karibu lakini kiongozi alisema tuharakishe, watalii hawasimami hapo. Yule mama akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekuwa anajua jibu akataka tu kulisikia. Mume wangu akasema chai imepoa, akaenda kuongeza maji ya moto.