Mawese Kwenye Kichwa cha Betri

Sisi tuliokulia Ilagala miaka ile ya vijiji vya ujamaa tuliijua harufu ya gari kabla hatujaijua harufu ya sabuni ya kunukia. Landrova ya kijiji ilinuka dizeli, dagaa na mawese, vyote kwa pamoja, na hadi leo nikifumba macho naisikia. Ilikuwa ya kijani, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, na kwetu watoto hapakuwa na kitu kizuri zaidi duniani.

Nayaandika haya nikiwa barazani kwangu Kasingirima, kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe. Diploma yangu ya ufundi wa magari imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Nimefanya kazi Mwanza, nikafanya Dar es Salaam, magari ya wakubwa yamepita mikononi mwangu, na siku ya kurudi Kigoma nilirudi nikiendesha la kwangu. Mkiona najisifu, mnisamehe, ni ya kurithi. Baba yangu, au Data kama sisi Waha tunavyomwita baba, ndiye aliyekuwa dereva wa Landrova ile, na sijaona mtu aliyejua kujisifu kama yeye. Kivukoni Malagarasi alikuwa akishuka taratibu, anafuta vumbi kofia yake, kisha anawauliza waliokuwa wakisubiri: "Mmemwona dereva?"

Nakumbuka tulivyotengeneza magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye ndala zilizochakaa. Asubuhi tulikwenda shamba la shule kupalilia muhogo huku tukiimba, na Landrova ikisikika mbali, majembe yote yalisimama. Mwalimu alipiga kelele, kisha naye akageuka kutazama. Nyumbani Mama hakuwa na muda na magari yangu. "Yewe, dereva wa waya!" alikuwa akiniita. "Ndoo haina maji, au gari lako limeishiwa mafuta?"

Na mawese, jamani! Nani wa rika langu hakupakwa mawese miguuni kabla ya kwenda shule, akang'aa kama chungu kipya? Tuliyala kwenye maharage, tukayala kwenye samaki wetu wa migebuka, tukayapaka kwenye bawaba za milango ili zisilie. Data naye aliyapeleka garini. Kila Jumapili alivifungua vibano vya waya kwenye vichwa vya betri, akavipaka mawese ndani na nje kwa upendo kama anampaka mtoto, akavirudisha. "Mawese hayaruhusu kutu," aliwafundisha madereva wenzake kivukoni, nao wakamwiga, maana Data alipokuwa akifundisha ilikuwa vigumu kumbishia.

Kiangazi kimoja Landrova ikaanza kumwaibisha. Anawasha, stata inalia mara moja, kha! halafu kimya. Taa zinafifia, zinakuwa nyekundu kama jicho la mtu asiyelala. Wakati mwingine panatoka harufu ya plastiki inayoungua, na ganda la waya wa betri lilikuwa limelainika. Wanakijiji wote wakageuka mafundi: betri imekufa. Na betri mpya miaka ile ulikuwa huipati dukani kwa kuitaka tu. Ikawa kusukuma. Wanaume walisukuma, akina mama walitua beseni za dagaa wakasukuma, sisi watoto tukasukuma kwa furaha kubwa kuliko wote.

Furaha hiyo Mwenyekiti wa kijiji hakuwa nayo. Jumamosi alisimama mkutanoni, akasema mbele ya watu: "Ndugu dereva, kijiji kimechoka kusukuma. Kuna kijana wa Ujiji anasema hili gari analiweza. Jumatatu tutampa usukani."

"Na wewe utatufaa kwenye shamba la muhogo," akachomekea Bi Zena, jirani yetu, ambaye ulimi wake ulikuwa maarufu hadi Kagunga. "Jembe halina betri!"

Watu wakacheka. Data hakucheka. Jioni ile alisogeza sahani yake pembeni. Nyumbani kwetu, mtu kuacha migebuka ya mawese lilikuwa jambo la kuwaita wazee. Nilielewa kwamba si kazi tu inayoondoka. Ile kofia, ile sauti ya kivukoni, Data mzima niliyemjua, angechukuliwa Jumatatu na kijana wa Ujiji.

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa na baridi. Mama alikitoa kile kiporo, mawese yakiwa yameganda, akakiegesha karibu na moto. Data alikuwa amekaa akitazama bila kuona. Mara akaona. Upande ulioelekea moto mawese yalianza kulegea na kutiririka. Upande wa pili yalibaki yameganda. Akainuka na sahani yake, samaki na vyote, akatoka nje.

"Huyu sasa amechanganyikiwa," Mama akasema, akamfuata.

Shida ya Data ilikuwa hii: joto lililolainisha ganda la waya alijua lipo, ila kila alipogusa, injini nzima ilikuwa ya moto, asijue joto lipi linatoka wapi. Asubuhi ile injini ilikuwa baridi kabisa. Akachota mawese yaliyoganda kwa kidole, akabandika donge kwenye kila kichwa cha betri, donge pale waya unapofungwa kwenye bodi, na donge kwenye stata. Akafunga njia ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama Tabu, panda uwashe."

"Mimi? Kwenye kiti hicho?"

"Panda, mwanamke, kabla hajakipanda huyo wa Ujiji!"

Mama akapanda. Watu wakaanza kukusanyika, na Bi Zena akiwa wa kwanza: "Amemkabidhi mkewe usukani, yamekwisha!" Mama akawasha. Stata ikazunguka kwa uchovu, ikikoroma. Data alikuwa ameinama, macho kwenye mawese. Kwenye bodi, donge limetulia. Kwenye stata, limetulia. Kwenye kichwa kimoja cha betri, kile chenye waya wa kwenda kwenye stata, donge likalegea, likang'aa, likateremka ubavuni mwa betri kama chozi.

"Zima!"

Akagusa kwa mgongo wa kidole, akakirudisha haraka. Akachukua spana, akafungua kibano. Ndani mlikuwa na gaga jeusi kama la chini ya sufuria: mawese yake ya kila Jumapili, yaliyokunywa vumbi la barabara na kuungua. Kibano kilikuwa kimekaa juu ya uchafu, hakigusani na madini ya risasi ya kichwa cha betri sawasawa.

Bi Zena akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Mawese hayo nani kayatia?"

Data angeweza kulisingizia vumbi. Angeweza kulipangusa gaga lile na kusema ni kutu. Data alilinyanyua kwenye ncha ya kisu watu wote walione, akaweka kofia yake sawa, akasema kwa ile sauti ya kivukoni: "Aliyeliua gari hili ni mimi. Na aliyejua limekufa wapi ni mimi. Mnataka dereva gani mwingine?"

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Mama alileta maji ya moto na magadi. Data akaosha, akakwangua mpaka risasi ikang'aa, akakaza kibano hadi kikagoma kucheza, ndipo akapaka mawese kidogo kwa juu tu. Akafungua njia ya mafuta. Mama, ambaye alikuwa hajashuka, akawasha bila kuambiwa. Landrova ikanguruma mara moja, na kijiji kikalipuka: vigelegele, makofi, watoto wakigaragara mchangani. Mwenyekiti akasema, "Kijana wa Ujiji abaki Ujiji." Na Jumatatu Data alikuwa kivukoni akiwafungulisha madereva wote vibano vyao, akiwafundisha upya kwa majivuno yale yale.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alituuliza umeme unafanya nini ukikuta kiungo kibovu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza: unapoteza nguvu yake pale pale, inageuka joto. Niliongoza darasa mwaka ule, na sikushangaa.

Leo vijana wa gereji wanachomeka kikompyuta, wanasoma kioo, wanasema "mzee, badilisha betri" hata boneti haijafunguliwa. Mimi ninacho kifaa cha kupimia joto, nakielekeza kama bastola, namba inatokea. Kazi inakwenda haraka, sikatai. Juzi nilimaliza gari la kijana mmoja, kibano kilikuwa kimelegea. Akabonyeza kitufe, injini ikawaka taratibu kama pumzi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Nilibaki nimesimama na spana yangu, nikisubiri vigelegele.