Kifaranga wa Kijani Niliyempaka Bluu

Manze, wengi wenu hapa Jericho hii hadithi mnaijua nusu nusu, ndiyo maana mkiniona mnaniita Bluu halafu mnaangaliana, kwa hivyo wacha niimalize kwa mdomo wangu mwenyewe, maana aibu ni yangu na hakuna mtu alinisukuma. Na mkumbuke kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Mtu wa rangi ndiye aliumbuliwa na rangi.

Nafuga kasuku wadogo, hawa wa kutosha kwa kiganja, ambao wengi huwaita baji. Mzee Karanja, seremala mstaafu wa mstari wa pili kutoka kwetu, pia huwafuga, na ndiye alinifundisha kuwatengenezea kiota cha mbao. Sasa huyo mzee ni baba yake Njeri, na mimi na Njeri tulikuwa tumepanga watu wangu waje kwao kubisha hodi ya uchumba, ila mzee alikuwa hajakubali wala hajakataa, alikuwa ananiangalia tu (na mzee huyo akikuangalia unaanza kukagua vifungo vya shati).

Mwezi wa pili tukapata msiba ushago, kijijini kwetu Bungoma, na wakati huo nilikuwa na jike mmoja peke yake, wa bluu, nikamwachia mzee anitunzie kwa wiki moja. Niliporudi nikamchukua, nikasema asante, sikuuliza kitu kingine. Kesho yake nikanunua dume wa bluu kwa jamaa fulani wa Dandora, nikawaweka pamoja, na siku ya nne jike akataga yai la kwanza. Nikajisifu nina jike mchapakazi.

Yangeishia hapo ningekuwa salama, lakini jioni hiyo nikaenda pale dukani wazee wanapochezea drafti, Mzee Karanja akiwa mmoja wao, nikachukua chaki na kuchora miraba minne kwa sakafu ya saruji vile tulifunzwa kidato cha nne (nilipata B ya Bayolojia, na huwa naisema hata bila kuulizwa). Nikawaeleza kwamba kijani ndiyo ina nguvu, kwamba ndege wa kijani anaweza kubeba bluu ndani yake isionekane, lakini wa bluu hana kijani yoyote aliyoficha, kwa hivyo bluu kwa bluu, kama hawa wangu wawili, huzaa bluu tupu. Hadi hapo nilikuwa sawa, na hata leo bado niko sawa. Shida ni kwamba mdomo haukusimama.

"Ikitoka kijani hata moja," nikasema, "mimi si Wekesa."

Mzee Karanja akasogeza kete yake, kisha akasema siku watu wangu wakija, nije na hao vifaranga awaone. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Nilikimbia kumwambia Njeri hata sikungoja mchezo uishe.

Walianguliwa wanne na nikautangazia mtaa wote kwamba ni wanne. Manyoya yalipoanza kutoka, watatu wakawa bluu safi, na yule mkubwa, wa yai la kwanza, akawa kijani kama sukuma wiki na uso wa njano. Nilikaa chini. Nikamshuku yule jamaa wa Dandora, nikashuku ndege wa mitaani wanaotua kwa paa, nikamshuku mpaka mwalimu wangu wa Bayolojia, Mungu amrehemu. Kitu pekee ambacho sikujiuliza ni jike wangu alikuwa amelala wapi ile wiki ya msiba.

Njeri alipomwona yule wa kijani akasema, "Mwambie tu baba. Yeye anajua ndege kukushinda."

Ningemsikiza nisingekuwa hapa nikiongea na nyinyi. Lakini nilikuwa nimeweka jina langu mbele ya wazee, na kumwacha kifaranga nyumbani singeweza kwa sababu kila mtu alijua idadi, kwa hivyo Jumamosi asubuhi, watu wangu wakiwa tayari wameingia Nairobi, nikachukua ile bluu ya kufulia nguo nyeupe na brashi yangu ndogo ya herufi. Mkono wa kwanza ukamfanya kijani zaidi, kwa sababu bluu juu ya njano ni kijani, kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anajua na mimi nimekula kwa rangi miaka saba. Nikaongeza nzito, nikaongeza tena, mpaka akafanana na sweta ya shule iliyonyeshewa. Alitetemeka kwa kiganja changu muda wote huo na sikuacha. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Nyumbani kwa Mzee Karanja Mama Njeri alikuwa amevalisha viti vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, chai iko mezani, mandazi yako mezani, na kizimba changu kikawekwa hapo katikati. Mzee akawatazama ndege, akahesabu wanne, akakaa. Baba yangu mdogo, Simiyu, ndiye msemaji wetu, akasimama na kuanza kueleza sisi ni watu wa aina gani. Mama Njeri, kwa roho yake nzuri, akaona ndege wanahema kwa joto, akawaingizia sahani ya maji.

Wale watatu wakanywa. Yule niliyempaka akaingia ndani mzima mzima, akaoga, akapiga mabawa kama mtu anayekung'uta mkeka, na bluu ikaruka kwa mandazi, ikaruka kwa vitambaa, ikaruka kwa shati la baba mdogo ambaye ndiyo tu alikuwa amefika mahali pa kusema kwetu tunathamini ukweli. Akasimama hapo kwenye sahani, ameloa kabisa, kijani. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema huo ni ugonjwa wa manyoya. Njeri akafunika uso.

Mzee akamtoa kifaranga, akampangusa polepole na leso yake. Akaeleza kwamba wiki ile ya msiba jike wangu alikuwa akilia peke yake, akamhurumia, akamweka pamoja na dume wake wa kijani, na mbegu ya dume hukaa ndani ya jike siku kadhaa, kwa hivyo yai la kwanza lilikuwa la dume wake na mengine ya dume wangu. Alikuwa ameshuku tangu ile siku nilichora miraba. Alitaka tu kusikia nitamwambia nini.

"Ulisema ikitoka kijani, wewe si Wekesa," akasema. "Sasa hawa watu wamekuja kuomba binti yangu kwa niaba ya nani?"

Tulikunywa chai bila mandazi, mzee akasema leo hakuna mazungumzo ila huyo wa kijani abaki kwa babake, na baba mdogo akarudi Bungoma na lile shati, akalionyesha ukoo mzima. Njeri hakushika simu yangu siku tisa. Ya kumi akaniambia bluu angeisamehe siku hiyo hiyo, kilichomchoma ni ugonjwa wa manyoya.

Vitambaa nilivifua mimi, kwa mkono, Mama Njeri akisimamia. Tangu siku hiyo rangi yangu inaishia kwa mabango. Na miezi yote hiyo, tukikutana njiani, mzee alikuwa ananiita "wewe kijana" na kupita.

Mwezi wa nane tukajaribu tena. Mzee akatukuta mlangoni, akasimama hapo hapo, akaniuliza ndege wangu wametoa nini safari hii. Nikamwambia mayai matano, mawili yaliharibika, kifaranga mmoja ana mguu umepinda kwa sababu kiota nilikitengeneza bapa sana, na wa mwisho hata sijui atatoka rangi gani.

Akaniangalia. Sikukagua vifungo.

"Ingia, Wekesa," akasema.