Mipira Iliyofunga Shasi ya Baba

Harufu ya gari la baba ilifika nyumbani kabla ya gari lenyewe: samaki wa chumvi, mawese yaliyomwagika, na chuma kilicholowa. Tulikaa Baraka, karibu na ziwa, na baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine. Alipandisha nayo samaki hadi Fizi, juu milimani, akarudi na mawese na mihogo. Njia nzima maji ya chumvi yalichuruzika kutoka kwenye vikapu, yakapenya mbao za nyuma na kudondokea shasi. Kila Jumamosi aliliingiza gari ziwani, nasi watoto tukalisugua kwa mchanga ili Jumapili liende kanisani likimeta. Tulisugua juu tu. Chini hakuna aliyefika, na nani angeona haja? Kanisani watu hawainami kutazama uvungu wa gari.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka kama kumi hivi, gari lilianza kulia. Lililia kwenye kila shimo, pale ambapo lame, yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito wa nyuma, yanashikana na shasi. Kwetu dawa ya kelele ilikuwa moja: mpira wa ndani wa gurudumu lililokufa, uliokatwa vipande virefu, ukavutwa kwa nguvu na kuzungushwa kwenye chuma mpaka kelele iishe. Baba alijua kufunga mipira kuliko wote, hata madereva wengine walimwita awafungie. Gari likilia tena, aliongeza mpira juu ya mpira. Kufungua ule wa zamani kulionekana kuharibu kazi nzuri. Siku moja aliligonga kwa kiganja, akamwambia mama kwa maringo, "Unasikia? Iko inanyamaza. Gari iko muzima sasa." Mama hakuwa na subira na maringo yake. "Hata mugonjwa akizidiwa ananyamaza," alimjibu. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, nasi tukacheka naye.

Dada yangu mkubwa Furaha, tuliyemwita yaya kama dada wakubwa wote kwetu, alikuwa ameolewa Fizi na alikuwa na mimba ya kwanza. Ndiye aliyenilea mgongoni mama alipokuwa shambani, na nilimpenda kwa wivu, hata harusi yake niliililia kama msiba. Baba alikuwa ameahidi mbele ya wakwe kwamba uchungu ukianza atamteremsha mwenyewe hadi hospitali ya Baraka, na ahadi ile aliitembeza mji mzima. Siku yenyewe ilitukuta huko huko Fizi, mimi nikiwa nimemfuata baba kwa sababu ya likizo. Tulikuwa bado tunashusha samaki, mama mkwe wa Furaha alipokuja mbio. Uchungu ulianza tangu jana, mtoto hatoki, na mkunga alikuwa ameinua mikono. Tukamlaza Furaha nyuma ya pikapu juu ya godoro, mama mkwe akamshika kichwa, mimi nikamshika miguu.

Mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka. Kwenye mteremko wa kwenda Baraka gurudumu la nyuma lilitumbukia katika mfereji uliochimbwa na maji, nikasikia mlio mmoja mkavu. Gari likajikunja katikati, nyuma ikakaa chini, pua ikatazama juu. Baba aliingia uvunguni na kisu, akaanza kukata mipira yake mmoja baada ya mwingine. Niliinama nikaona. Ndani ya mipira, mahali pa chuma, palikuwa na magamba mekundu ya kutu yaliyolowa, yakammwagikia baba kifuani. Mipira ilikuwa imeyafungia yale maji ya chumvi ndani, na chuma kikaliwa polepole bila kelele. "Iliozaka yote," alisema, na sauti haikuwa yake. "Iliozaka, na mi niko nafunga tu."

"Papa, tumefika?" Furaha aliuliza kutoka juu.

"Tunafika, mama. Tunafika."

Wanaume waliokuwa wakilima kando ya njia walikata miti, wakafunga machela kwa vitenge vya bamama waliokuwa wakipita, wakambeba kwa zamu. Baba hakukubali kupokelewa upande wake. Furaha alikata roho kabla hatujaona nyumba za kwanza za Baraka, na mtoto wake alibaki ndani. Baba hakushika usukani tena. Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililommaliza.

Sasa nimepita umri aliokuwa nao baba siku ile. Binti yangu Neema naye ameolewa Fizi, na miezi yake iko karibu kutimia. Watu husema tumeendelea, na kweli, kila jioni tunaongea kwa simu. Namsihi ashuke mapema aje akae kwangu, naye anasema mume hataki, mavuno hayajaisha. "Usiogope, mama," ananiambia. "Niko na muntu wa pikipiki. Atanishusha." Njia ni ile ile, na kila mvua inaichimba upya. Namwona juu ya kiti cha pikipiki, uchungu umemkaba, hana pa kulala, hana wa kumshika miguu. Nimeichukia pikapu ile maisha yangu yote. Usiku huu, Mungu anisamehe, ningeipokea hivyo hivyo, na kutu yake, na mipira yake.